Kumfuata Jack Cardiff hadi Ziwa Albert

Jumatatu. Kampala hadi Masindi

Teksi ilipangwa kuondoka saa moja asubuhi, tukaondoka saa tatu, kwa sababu huku kama kwetu gari haliondoki kwa saa, linaondoka kwa abiria. Njia ni ya kaskazini: Bombo, Wobulenzi, Luweero, Nakasongola, kisha daraja la Mto Kafu. Baada ya daraja unaiacha barabara ya Gulu na kukata kushoto. Pale Migeera abiria wote walinunua nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma) kupitia madirishani, na gari likanukia moshi mpaka mwisho wa safari.

Kila ninayemwambia kwamba nimekuja kutembelea sehemu zilipopigwa picha za The African Queen, filamu ya mwaka 1951, ananijibu kwa majina yaleyale ya waigizaji: Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Wachache wanaongeza la mwongozaji, John Huston. Wa kamera hatajwi. Mimi ni mtu wa kamera, nalipwa Dar es Salaam kwa kazi hiyohiyo, na nimetoka nyumbani kwa ajili ya huyo asiyetajwa: Jack Cardiff.

Alizaliwa Great Yarmouth, Uingereza, mwaka 1914. Wazazi wake walikuwa wasanii wa majukwaani, leo mji huu kesho mji ule, na yeye akaanza kuonekana kwenye filamu akiwa mtoto mdogo. Alipofikia umri wa ujana akaingia upande wa pili wa kamera kama kijana wa kutumwa. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kumpelekea mwongozaji chupa za maji ya madini. Shule hakuisoma sana, kwa sababu ya zile safari za wazazi. Alichosoma ni picha za kuchora. Kila mji walioingia alitafuta jumba la makumbusho, akasimama mbele ya michoro ya Rembrandt na Vermeer akiuliza mwanga umetokea wapi.

Hilo ndilo lililomlipa. Mwaka 1936 kampuni ya Technicolor ilikuwa inatafuta mpiga picha wa Kiingereza wa kumfundisha kamera yake ya rangi. Wenzake walijibu maswali ya hesabu na kemia. Cardiff akawaambia wazi kwamba mambo ya kitaalamu hayajui sana, ila anajua wachoraji wanavyotumia mwanga. Wakamchukua yeye. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye kamera ya Wings of the Morning, filamu ndefu ya kwanza ya Technicolor kupigwa Uingereza.

Tumefika Masindi alasiri. Hoteli kongwe ya mji, iliyojengwa mwaka 1923, inajulikana kwa wageni wake wa zamani, na mhudumu aliniorodheshea: Hepburn, Bogart, Hemingway. Nikamuuliza kuhusu mpiga picha. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama nataka chumba chenye feni.

Jumanne. Msitu wa Budongo

Nimepanda bodaboda alfajiri kwenda Budongo. Huu si msitu wa filamu ile. Sehemu ya mtoni ilipigwa Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto mdogo wa Ruiki unaoingia Lualaba karibu na Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu, kilomita 125 kusini mwa Kisangani. Huko sikuweza kwenda safari hii. Lakini Budongo ni msitu mnene wa kweli, mikangazi yake ni mirefu ajabu, na nilitaka kupima kitu kimoja tu.

Nilisimama kwenye barabara iliyo wazi saa tano na kupima jua. Kisha nikaingia hatua chache chini ya miti na kupima tena. Tofauti: stopu sita, na kwenye kichaka kizito zaidi hata saba; kila stopu ni mwanga kupungua nusu. Kwa kamera yangu ya leo hilo ni usumbufu wa kawaida, unapandisha ISO, yaani wepesi wa kunasa mwanga, na maisha yanaendelea.

Sasa chukua kamera ya Technicolor. Ndani yake mlikuwa na mche wa kioo uliogawa mwanga, na filamu tatu zikitembea kwa pamoja: moja ikinasa kijani, nyingine mbili zilizobanwa uso kwa uso zikinasa bluu na nyekundu. Mwanga uleule mmoja ulilisha filamu tatu, kwa hiyo kila filamu ilipata kidogo. Wepesi wake kwa kipimo cha leo ulikuwa kama ISO 10 hivi. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye gogo: juani kabisa, kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, lenzi ingekuwa kati ya f/5.6 na f/8 (namba ikipungua, lenzi imefunguka zaidi). Hapo sawa. Toa stopu sita za kivuli cha msitu na unafika chini ya f/1. Lenzi ya kufunguka hivyo kamera ile haikuwa nayo.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza sura ya filamu nzima. Bogart na Hepburn wanakaa katikati ya mto kwenye anga wazi kwa sababu hadithi inataka hivyo, ndiyo, lakini pia kwa sababu katikati ya mto ndipo kulipokuwa na mwanga. Kila mti uliposogea juu ya maji, Cardiff alihitaji taa, na taa zilihitaji jenereta, na jenereta ilihitaji chombo chake. Matokeo yake ni msafara wa mashua na majahazi ya mbao yaliyofungwa kamba, moja limebeba kamera na nakala ya mashua ya kwenye hadithi, jingine taa, jingine sauti, jingine jenereta, yote yakivutwa kwenye mto wenye kona. Hepburn alikuwa na chombo chake cha faragha, mpaka kikakatwa kwenye msafara kwa sababu uzito umezidi.

Na walioyasukuma majahazi hayo, waliofyeka kingo za mto, waliojenga kambi ya Biondo kwa mianzi na makuti ili wageni wapate pa kulala? Watu wa Ruiki. Majina yao hayapo popote kwenye filamu. Nimewahi kufanya kazi na mafundi taa wa aina hiyo, wanaoshikilia rifulekta, ubao wa kurudishia mwanga, saa nzima bila kutikisika, na ninajua picha nzuri ina mikono mingapi ndani yake.

Mbung'o wa Budongo hawana adabu. Nimerudi mjini shingo imevimba.

Jumatano. Kushuka Butiaba

Kutoka Masindi barabara inapita mashamba ya miwa, inagusa msitu, kisha ghafla ardhi inakatika. Uko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na chini kuna Ziwa Albert, bluu isiyokolea, na ng'ambo milima ya Ituri. Lami ni mpya. Imekuja na mafuta: visima vya Tilenga viko kaskazini mwa hapa, na bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga. Dereva aliposikia natoka Tanzania alinipungia mkono kuelekea ziwani. "Mafuta yetu yatapita kwenu. Muyaangalie."

Butiaba ilikuwa bandari kubwa. Shirika la reli la Afrika Mashariki liliendesha meli hapa, na abiria wa kutoka Kampala walivuka kuelekea Kongo au wakashuka na Nile kwenda Sudan. Meli maarufu kuliko zote ni Robert Coryndon. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa likapanda, bandari ikafurika, Coryndon ikazama palepale ilipofungwa na mabaki yake yakabaki yakioza kwa miongo mingi. Mwaka 2020 ziwa likapanda tena na kuhamisha kaya nyingi za wavuvi. Kwa hiyo ukiuliza "walipiga picha wapi?", jibu la uaminifu mara nyingine ni kidole kinachoelekezwa majini.

Kabla ya kutoa kamera nimekwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji. Wanajeshi wa doria ya uvuvi wapo ufukweni na hawapendi mtu anayeelekeza lenzi ovyo. Mwenyekiti, mzee wa makamo, aliangalia kitambulisho changu pande zote mbili.

"Wewe ni wa gazeti?"

"Hapana, mzee. Nafuatilia filamu ya zamani."

"Ile ya kanisa lililochomwa?"

Ile ile. Kijiji cha misheni cha mwanzo wa filamu kilijengwa hapa Butiaba, na kuchomwa hapa kwa ajili ya kamera. Ile ibada ya mwanzo, waumini wakiimba kila mmoja kwa sauti yake huku mchungaji akihangaika, ilipigwa huku. Lakini Robert Morley, aliyecheza mchungaji, hakukanyaga Afrika. Sehemu zake zilipigwa studio za Isleworth, London, na huku akasimama mtu mwingine badala yake. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi nikisimamisha picha. Jua la Butiaba liko kwenye mabega ya waumini. Uso wa mchungaji unawaka kwa taa za umeme za London. Na macho ya mtazamaji yanaamini wako chumba kimoja. Hicho ndicho kipaji cha Cardiff ambacho hakionekani, na ndiyo maana hakisemwi.

Ujanja huo aliuleta nao. Miaka minne kabla, kwenye filamu ya Black Narcissus, aliipiga Himalaya bila kuondoka Uingereza: studio za Pinewood, pamoja na bustani moja ya kusini mwa nchi yenye mimea ya kihindi. Milima ilichorwa kwenye vioo na Percy Day. Cardiff akaipaka mwanga wa alfajiri na wa jioni kwa taa tu, akimfikiria Vermeer, na kwenye sehemu za mwisho za kutisha akitia kijani kwenye vivuli kama alivyoona kwa Van Gogh. Akapata Oscar. Mtu aliyetengeneza mlima kwa brashi na balbu, akaja kusimama kwenye ziwa ambalo halichukui maelekezo ya mtu.

Alhamisi. Butiaba bado

Asubuhi wanawake wanaanika muziri na ragoge, dagaa wa ziwa hili, kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Mwanga wa saa moja na nusu unapita chini kabisa na kila dagaa ana kivuli chake. Ikifika saa nne umekwisha, kila kitu ni bapa, nyuso zina mashimo meusi chini ya nyusi. Ndivyo jua la karibu na ikweta lilivyo, linapanda wima na halikupi nafasi. Saa nne hadi saa tisa mpiga picha mwenye akili anakaa kivulini au anatafuta kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga usoni.

Nimekaa na mfanyabiashara wa Kikongo aliyevuka na nguo. Nikamtajia Ubundu, akashangaa kwamba Mtanzania anapajua. Alikwisha kwenda huko na treni ya zamani ya Kisangani.

"Kule Ruiki maji iko nyeusi, kaka. Nyeusi sawa kahawa. Unaingiza mkono, hauone vidole."

Nilifurahi kulisikia kwa mtu aliyeliona. Majani yanayooza ndiyo yanayoupa mto ule rangi, na kwa mpiga picha maji meusi ni zawadi: yanarudisha anga na kila tawi, na mashua nyeupe juu yake inajitenga bila taa hata moja. Shida ni kwamba yanakunywa mwanga ambao ungepanda kujaza nyuso. Unapata mandhari, unapoteza waigizaji, halafu unarudi kwenye jenereta.

Mashua yenyewe ilikuwa na historia yake. Ilijengwa Uingereza mwaka 1912 ikiitwa Livingstone, ikafanya kazi kwenye maji ya huku kabla ya kuwa nyota. Leo iko Key Largo, Florida, inabeba watalii. Walipokuwa Kongo ilizama, wakaivuta kutoka chini na kuendelea. Siafu nao waliivamia kambi.

Kisha kikosi kikahamia upande huu na kulazwa ndani ya boti ya Lugard II. Hapo ndipo ugonjwa ulipowaangusha: kuhara, malaria, homa. Lawama iliangukia maji ya kunywa. Hepburn aliyekunywa maji kwa bidii akaugua vibaya. Bogart na Huston walioishi kwa wiski hawakuguswa, na simulizi hiyo imerudiwa mpaka imekuwa ndiyo filamu yenyewe. Cardiff naye alikuwa miongoni mwa wagonjwa. Yule kijana aliyeanza kazi kwa kubeba chupa za maji safi! Na bado alitakiwa kusimama juani kwenye jahazi linaloyumba na kuamua kama wingu linalokuja litaharibu kuunganika kwa picha ya jana na ya leo. Picha yenyewe hakuweza kuiona, maana filamu zilisafirishwa hadi maabara ya Technicolor karibu na London. Ukikosea, utajua ukiwa umeshaondoka mahali hapo.

Alikuwa amezoea tabu ya majini, hilo lazima niseme. Wakati wa vita alipiga Western Approaches, filamu ya mabaharia wa meli za mizigo, na ile kamera kubwa ya rangi iliwekwa ndani ya mashua ya kuokolea maisha kwenye bahari ya kweli, na mabaharia wa kweli wakitapika. Sidhani Huston angempata mtu mwingine aliyekwisha kufanya mtihani huo.

Ijumaa. Paraa, na mto juu

Nimefika Paraa saa nne. Pamebadilika: zamani ilikuwa kivuko, sasa kuna daraja refu. Kingo za barabara zina mitego ya mbung'o, vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyoning'inizwa mitini.

Boti ya watalii inapanda Nile hadi chini ya maporomoko ya Murchison. Viboko ni wengi kiasi kwamba mtalii anachoka kuwahesabu, mamba wamelala mdomo wazi. Nahodha, kijana Mualuri, aliuliza kwa nini sielekezi kamera kwa tembo kama wenzangu. Nikamwambia naangalia maji yanavyorusha mwanga juu kwenye majani. Akaitikia kwa heshima, kama mtu anavyomuitikia mgonjwa.

Karibu na maporomoko povu linaanza kupita vipandevipande, na mkondo unakaza. Boti haisogei zaidi ya mwamba fulani. Hapa ndipo inapoonekana kiasi gani filamu imeshonwa. Zile picha za kushuka maporomoko zimeunganishwa kutoka maji ya hapa, ya Kongo na tangi la studio. Sehemu ambayo Bogart anaburuta mashua kwenye matete akiwa amezama hadi kifuani, halafu anatoka na ruba mwilini, ni ya London. Hakuna mwenye akili angewaingiza waigizaji kwenye maji haya ya kichocho na mamba. Na meli ya Wajerumani ya kwenye hadithi? Ni meli ya kuvuta ya Ziwa Victoria.

Hadithi yenyewe mwandishi C. S. Forester aliichota Ziwa Tanganyika, vita vya 1915. Meli kubwa ya Wajerumani ya huko, Graf von Götzen, walizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua, na sisi tunaijua kwa jina la Liemba, ya Kigoma.

Jumamosi. Juu ya maporomoko

Nile nzima inapita kwenye ufa wa mita saba hivi na kuanguka mita 43. Unasimama hatua chache tu kutoka ufa huo, ardhi inatetemeka, lenzi inalowa kila sekunde tano.

Pembeni kuna maporomoko ya pili, Uhuru, yaliyofunguka kwenye mafuriko ya mwanzo wa miaka ya 1960, Uganda ilipopata uhuru. Cardiff hakuyaona. Picha yoyote ya Murchison yenye maporomoko mamoja tu, ujue ni ya kabla ya hapo, au mtu ameikata kwa makusudi.

Nimebaki mpaka jioni nikiwa na mita ya kupimia mwanga mkononi, mlinzi wa hifadhi akinisubiri bila furaha. Cardiff aliandika kumbukumbu zake zikatoka mwaka 1996, na jina alilozipa ni Magic Hour, ile saa ya kupenda ya wapiga picha, jua likiwa limezama na anga bado lina mwanga. Kwao Uingereza wakati wa kiangazi jua linazama kwa mshazari, na mwanga huo unakaa muda wa kutosha kupanga picha, kukosea, kupanga tena. Hapa jua liligusa milima ya Kongo, likazama, na baada ya dakika ishirini na kidogo mita yangu haikuwa na la kusema. Kwa ISO 10 asingepata hata robo ya muda huo. Nadhani ndiyo maana jioni za filamu ile ni chache, na nyingine zinanuka studio. Si kosa lake. Alifanya kwa taa kile ambacho latitudo ilimnyima.

Yeye alikuwa mtu wa njia za mkato zenye akili. Kwenye A Matter of Life and Death mwongozaji Michael Powell alitaka picha ya ufukweni ianze kwa ukungu. Cardiff akapumua kwenye lenzi, ukungu ukakaa, ukayeyuka wenyewe mbele ya kamera. Nilijaribu hapa juu. Kwa unyevu huu pumzi haitofautiani na manyunyu.

Jumapili. Masindi, nasubiri gari

Mvua. Teksi imejaa nusu.

The African Queen ilipata uteuzi wa Oscar mara nne: mwongozaji, waigizaji wakuu wote wawili, na mswada wa filamu. Bogart akashinda. Upigaji picha haukuteuliwa. Mimi naweka Black Narcissus juu yake kwa uzuri, hilo halina ubishi, na The Red Shoes pia. Lakini kazi ya huku ndiyo ningempa mwanafunzi wa kamera aitazame kwanza, kwa sababu inaonyesha mtu akinyang'anywa kila kitu anachokimudu na bado kila uso unasomeka.

Baadaye alipiga War and Peace, akampiga Marilyn Monroe, akaongoza Sons and Lovers iliyomletea uteuzi wa mwongozaji bora, na akiwa mtu mzima wa miaka sabini akapiga Rambo ya pili bila kuona aibu. Mwaka 2001 akapewa Oscar ya heshima, mpiga picha wa kwanza kuipata. Alifariki Aprili 2009, akiwa na miaka 94.

Na Afrika Mashariki alirudi. Filamu ya The Lion ya mwaka 1962 ilipigwa Kenya, upande wa Mlima Kenya, safari hiyo Cardiff akiwa mwongozaji. Kamera alimpa Ted Scaife, aliyekuwa kwenye kikosi cha pili cha The African Queen. Kazi ikiniruhusu, mwezi ujao nakwenda Nanyuki.